Lawama si chapati

Ukitaka kumaliza mjadala wowote kuhusu uhalifu Nairobi, uliza swali moja tu: "Mbona wewe huibi?" Halikosi kufanya kazi. Mtu ameeleza vizuri kuhusu kukosa ajira, kuhusu karo, kuhusu mtaa usio na taa wala choo, halafu anaulizwa hivyo na meza nzima inanyamaza. Kwa sababu ni kweli, haibi. Mamake pia hakuiba. Watu wengi aliokua nao kwenye ploti moja, wakipanga foleni kwenye mfereji mmoja, hawajawahi kugusa kitu cha mtu. Basi umaskini hauhusiki, watu waongezewe chai.

Mimi nimeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya kitu nilichosomea. Nilifanya sosholojia miaka miwili na nusu kabla karo kunishinda. Wiki mbili kabla ya mitihani chuo kilifunga jina langu kwenye mtandao wake, na hapo digrii ikaishia. Nilichobaki nacho ni madaftari mawili na ugonjwa wa kubishana. Kwa hivyo nataka kulijibu pole pole, maana nadhani ni swali zuri ambalo watu hulitumia vibaya.

Tuanzie mbali kidogo na wizi, barabarani. Kwa miaka mingi kile kipande cha barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, pale Salgaa, Sachangwan na Migaa, kilikuwa kinaua watu hadi tukazoea kukisikia kwenye habari kila Desemba. Ni mteremko mrefu. Madereva wa malori walikuwa wanateremka wakiwa wameweka gia nyutro ili kuokoa dizeli, lori linachukua kasi, breki zinachoka, na anayekuja mbele hana pa kukimbilia. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa na zaidi ya watu 30 wakafa.

Dereva anayeteremka na nyutro huku akijua kuna watu mbele ana makosa? Anayo, hatubishani. Na maelfu ya madereva walikuwa wanapita hapo kila wiki bila kumgusa mtu, kwa hivyo pia tungeweza kuuliza mbona wengine hawagongi. Lakini baada ya ajali hiyo serikali ilijenga ukuta wa kutenganisha pande mbili za barabara, na kugongana uso kwa uso kukapungua sana. Madereva hawakuwa wameokoka. Walikuwa ni wale wale, na mishahara ile ile, na dizeli ile ile ya kuokoa. Kilichobadilika ni barabara.

Kuna maswali mawili hapa ambayo tunayachanganya. Moja ni kwa nini huyu aligonga. Lingine ni kwa nini wanagonga wengi hivi, mahali hapa, mwaka baada ya mwaka. Jibu la kwanza linamhusu dereva. La pili linahusu mteremko. Ukimuuliza mtu "mbona wewe huibi" unamrudisha kwenye swali la kwanza wakati yeye alikuwa anajibu la pili, na ujanja wote uko hapo.

Clifford Shaw na Henry McKay waliliona jambo hili Chicago, na kitabu chao kilitoka mwaka 1942. Walichukua rekodi za watoto waliofikishwa kortini kwa miongo kadhaa wakaziweka kwenye ramani ya mji. Mitaa iliyokuwa na kesi nyingi ilikuwa ile ile kila mara, ile iliyozunguka viwanda na katikati ya mji, ambako nyumba zilikuwa za bei ya chini na watu walihama kila wakati. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba wakazi walikuwa wamebadilika. Walikaa Wajerumani na Waayalandi, wakapata pesa wakahama, wakaja Wapolandi na Waitaliano, baadaye Waamerika Weusi kutoka kusini. Kila kundi lilipokuwa mtaani liliambiwa ni watu wa asili ya wizi. Kila kundi lilipohama, watoto wao waliacha kuonekana kortini kwa wingi huo, na mtaa ukaendelea kutoa kesi na wageni wake wapya. Ukisikia mtu wa Nairobi akisema kabila fulani lina damu ya uhalifu, huyo anarudia maneno ambayo Chicago ilishayapima ikayakuta matupu.

Lakini mtaa una nini hasa? Jibu la haraka ni umaskini, na jibu hilo halitoshi. Kwenye utafiti wa KNBS wa mwaka 2015/16, Turkana ndiyo iliyokuwa kaunti maskini kuliko zote, asilimia 79.4 ya watu wakiishi chini ya mstari wa umaskini. Nairobi ilikuwa asilimia 16.7. Kama umaskini peke yake ungezaa wezi, wa Nairobi angeenda Lodwar akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. Enyewe ni kinyume. Ni hapa Nairobi ndiyo makanga anawaambia abiria wafunge madirisha tukifika Globe. (Turkana kuna wizi wa mifugo na bunduki, najua, lakini hiyo ina historia yake ya mipaka na malisho, na hata hapo anayeibiwa huwa ni mtu mwenye ng'ombe.)

Wanauchumi watatu, Pablo Fajnzylber, Daniel Lederman na Norman Loayza, walichapisha utafiti mwaka 2002 wakilinganisha nchi nyingi kwa miaka mingi. Waliona kwamba pale ambapo pengo la mapato kati ya walio nacho na wasio nacho ni kubwa, mauaji na wizi wa mabavu huwa vingi pia, hata baada ya kuhesabu mambo mengine kama wastani wa kipato. Kwa hivyo pengo lina uzito wake. Kijiji ambacho wote wamekosa ni mahali tofauti kabisa na mji ambao mimi nimekosa na wewe unamwaga.

Na Nairobi pengo hilo unaweza kulivuka kwa miguu. Simama kwenye daraja la watembea kwa miguu juu ya Thika Road, pale Mathare inapoanza kushuka bondeni. Upande mmoja mabati. Ng'ambo ya barabara ni Muthaiga, nyua ndefu, miti mirefu kuliko nyua, ubalozi hapa na klabu ya gofu pale. Maji ya mtungi huku bondeni yanagharimu zaidi kwa lita kuliko maji ya mfereji kule juu, yaani maskini analipa zaidi kwa kitu kibaya zaidi. Watu hutoka bondeni asubuhi kwenda kufua, kupika na kulinda kule juu, na jioni wanarudi. Hakuna siri kati ya pande hizo mbili. Anayepiga pasi mashati anajua mwenyewe ana mashati mangapi.

Mpangilio huu haukutokea kwa bahati. Mji ulipangwa na wakoloni kwa rangi: Wazungu upande wa magharibi na kaskazini kwenye vilima na udongo mzuri, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika Eastlands. Mwafrika alivaa kipande shingoni ili aulizwe amefuata nini mjini, na asiye na kazi alishikwa chini ya sheria ya uzururaji. Sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997. Miaka 34 baada ya uhuru. Bado kijana wa Eastlands akitembea Kileleshwa saa mbili usiku anaulizwa swali ambalo babu yake aliulizwa.

Mwaka 1938 Robert Merton, akiwa na umri wa miaka 28, alichapisha makala ya kurasa chache ambayo wanafunzi wa sosholojia bado wanaisoma duniani kote. Merton alikuwa mtoto wa wahamiaji maskini waliokaa Philadelphia, kwa hivyo nadhani alijua alichokuwa anakiongea. Alisema tatizo la Marekani ni kwamba inamwambia kila mtoto atafute pesa, inamwambia thamani yake ni pesa, halafu inawapa wachache tu njia halali ya kuipata. Unawaonyesha wote paa, unawapa wachache ngazi. Watu watafanya nini? Wengine watapanga foleni ya ngazi hadi wazeeke. Wengine watapanda kwa mabomba ya maji. Hao wa mabomba Merton aliwaita wabunifu, na hakuwa anawasifu.

Ukimsoma ukiwa Kenya unaanza kuwatambua watu wako. Yule wa foleni ya ngazi ni jamaa mwenye digrii ya uhandisi anayeendesha bodaboda na bado ana bahasha ya vyeti chini ya godoro. Kuna wale waliokata tamaa ya paa lakini bado wanafuata sheria kwa mazoea tu, kama yule bawabu anayeandika namba za magari kwenye daftari ambalo hakuna mtu hulisoma. Kuna walioacha yote, paa na ngazi, utawapata kwenye kiko cha chang'aa saa nne asubuhi. Na kuna wanaosema hii nyumba yenyewe ibomolewe ijengwe nyingine; hao tuliwaona barabarani Juni 2024, hadi ndani ya Bunge.

Kuhusu wabunifu, tofauti yetu na Marekani ya 1938 ni simu. Zamani mtoto wa Kayole alilazimika kupanda matatu ili aone utajiri. Siku hizi utajiri unamfuata kitandani kwa bando ya shilingi ishirini. Anamwona kijana wa umri wake akimwaga noti kwenye klabu, na hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Yule wa wash wash anayeuza dhahabu bandia anakaribishwa harambee, anapewa kipaza sauti kanisani, anaitwa mheshimiwa kabla hata hajagombea. Mtoto anaona. Tumemfundisha kwamba kosa ni kuiba kidogo.

Hapo ndipo ninaachana na watu wanaosema ukosefu wa usawa unazaa uhalifu kana kwamba uhalifu unazaliwa chini tu. Edwin Sutherland aliwachokoza wenzake kwa hoja hiyo mwaka 1939, kwenye hotuba yake akiwa rais wa chama cha wanasosholojia wa Marekani: kama umaskini ndio chanzo, mbona makampuni makubwa yanavunja sheria kila siku? Alitumia miaka kadhaa kukusanya hukumu dhidi ya kampuni 70, na mwaka 1949 akatoa kitabu. Lakini majina ya kampuni hayakuwemo. Mchapishaji aliogopa kushtakiwa, na chuo chake pia kilikuwa na wasiwasi. Toleo lenye majina lilitoka mwaka 1983. Sutherland alikuwa amekufa zaidi ya miaka 30.

Sasa linganisha na sisi. Miaka michache iliyopita kulikuwa na akaunti za Facebook zilizotumia jina la Hessy: Hessy wa Kayole, Hessy wa Dandora, na wengine wa mitaa mingine. Watu mtaani waliamini kabisa kwamba ni za maafisa wa polisi. Zilikuwa zinabandika picha ya kijana, mara nyingi aliyojipiga mwenyewe, na onyo kwamba ahame au aache anachofanya. Baadaye, kwa baadhi yao, ilikuja picha nyingine: kijana yule yule chini, damu, pengine bastola kando yake. Chini ya picha, maoni kwa mamia. Kazi safi. Ongeza wengine. Mwaka 2017 kituo cha Mathare Social Justice Centre kilichapisha ripoti ya mauaji kama hayo, na waliojaa humo ni vijana wa kiume wa mitaa ya mabanda. Jina la tajiri mwizi linafichwa miaka 34. Sura ya kijana wa Dandora inafika kwa dunia nzima kabla ya chakula cha jioni, bila korti, bila wakili.

Hata kwenye vitabu vya sheria bei hazilingani. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinasema adhabu ya wizi wa mabavu wa aina hiyo ni kifo. Na si lazima kuwe na bunduki. Vijana wawili wakimtishia mtu kumpiga na kuchukua simu yake, kule kuwa wawili tu kunatosha. Upande wa pili, sheria ya kupambana na ufisadi ya mwaka 2003 inazungumzia faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, na faini ya ziada ya mara mbili ya ulichopata. Faini ya mara mbili inasikika kali hadi ukumbuke Goldenberg, ambapo mwanzoni mwa miaka ya 90 serikali ililipa mabilioni kwa mauzo ya dhahabu na almasi ambayo sehemu kubwa haikuwepo, tume ikaundwa 2003, watu wakatoa ushahidi kwa miezi, na hakuna mkubwa aliyeenda jela. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliofanywa mwaka 2016 ulikuta kwamba wanaoshikwa kwa wingi ni maskini, kwa mambo kama ulevi, uzururaji na kuuza bila leseni. Kwa hivyo pengo halituzalii wezi tu. Pengo ndilo linaloamua nani ataitwa mwizi.

Mpaka hapo msomaji wa mrengo wangu anatikisa kichwa kwa furaha. Ni hapa ndipo mambo yanakuwa magumu.

Kuna mama mboga jirani yetu, anatoka kwenye ploti saa kumi usiku kwenda Marikiti. Kutoka mlangoni hadi steji ni dakika saba hivi. Ameibiwa kwenye hizo dakika saba mara mbili kwa mwaka mmoja. Mara ya pili walimchukulia elfu nne na mia tano, pesa ambayo nusu yake ilikuwa ya chama, na mmoja wao akamkata mkononi ingawa alikuwa ameshatoa. Alimtambua aliyemkata. Alikuwa amemshika akiwa mtoto wa nepi, wakati mamake alikuwa anaenda vibarua. Miezi kadhaa baadaye kijana huyo alipigwa risasi karibu na dampo, yeye na mwenzake. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda habari ilipoletwa. Mama aliendelea kukata sukuma wiki, nyembamba vile anakata, akasema, "Afadhali."

Jioni hiyo alitoa mia mbili ya mazishi.

Mimi na Merton wangu tungemwambia nini? Kwamba kijana yule alikuwa mbunifu? Mama huyo ameishi kwenye mteremko huo huo kwa miaka thelathini na mmoja. Alikosa ngazi kabla kijana hajazaliwa. Ukimwelezea kwamba umaskini ulimsukuma kijana kumkata mkono, umemtukana mara mbili: umemfanya kijana kuwa jani linalopeperushwa na upepo, na umemfanya yeye, aliyekataa kupeperushwa, aonekane kama amebahatika tu. Watu wa mtaa wanaposema "mbona wewe huibi" mara nyingi wanatetea kitu hiki. Wanatetea jasho lao. Msomi akilidharau swali hilo anadharau jasho hilo, na hapo wana haki ya kumzomea.

Kosa letu, pande zote mbili, ni kuchukulia lawama kama chapati. Kwamba iko moja, na serikali ikipewa nusu, kijana anabaki na nusu. Mkoloni akimegewa, serikali inashiba kidogo. Kwa hivyo anayetaka kijana alaumiwe anakataa kabisa kusikia habari ya mtaa, akiogopa chapati itaisha. Na anayetaka mtaa uangaliwe anaanza kumwonea kijana huruma ambayo hajamwonea mama. Lakini lawama haigawanyiki hivyo. Dereva wa Migaa alikuwa na lawama nzima na aliyeacha barabara ile bila ukuta kwa miaka alikuwa na lawama nzima. Kijana aliyekata mkono wa mama ana lawama yote ya mkono ule. Walioacha dakika saba za giza kati ya mlango na steji, mtaa wa maelfu ya watu, wana yao, na haijapunguzwa hata tone na ya kijana.

Mtu ataniuliza kama basi umaskini haupunguzi chochote. Unapunguza, kwa mambo fulani. Anayechukua unga kwa sababu watoto wamelala njaa sidhani amefanya kosa sawa na anayechukua unga auze. Mahakimu wengi wenye akili wanalijua hilo hata kama sheria inawabana. Kadiri njia zilizobaki zilivyo chache, ndivyo tunavyoweza kumdai mtu kidogo. Ila kumkata mtu ambaye ameshatoa pesa si njia ya kwenda popote. Hapo sioni umaskini unapunguza kitu.

Kitu ambacho pengo linabadilisha zaidi, kwa maoni yangu, ni nani anaruhusiwa kushika fimbo. Mwalimu ambaye hajaingia darasani muhula mzima anakuja siku ya mtihani, anamkuta mwanafunzi amekosa hesabu. Jibu ni kosa, hesabu haina huruma. Lakini mwalimu huyo amchape kwa haki gani? Serikali ambayo haikuleta shule, taa, maji wala kazi, halafu inafika na bunduki peke yake, iko kwenye nafasi ya mwalimu huyo. Haigeuzi jibu la kijana kuwa sahihi. Imepoteza tu uso wa kumwambia. Na kwa vile haijamnyonga mtu kwa amri ya korti tangu 1987, kinachofanyika usiku karibu na dampo hakina hata jina kwenye sheria yake yenyewe isipokuwa mauaji.

Mama mboga uso anao. Yeye ana kila haki ya kumlaumu kijana yule. Na ni yeye aliyesema afadhali. Nimelifikiria neno hilo sana kuliko makala yoyote niliyosoma chuoni. Sidhani alifurahia maiti. Mtu anayefurahia maiti hatoi mia mbili. Nadhani alikuwa anasema kitu cha kweli kuhusu huduma alizozoea. Aliripoti wizi wa kwanza akaambiwa alete pesa ya karatasi ya OB. Taa ya barabarani imeahidiwa kila uchaguzi. Risasi ndiyo huduma pekee ya serikali aliyowahi kuona ikifika mtaani bila kuchelewa, na mtu aliyenyimwa kila kitu hupokea kinachokuja. Hata hiyo ni kazi ya pengo: limewafanya walioibiwa wasiweze kuwaza haki ya aina nyingine.

Gresham Sykes na David Matza waliandika mwaka 1957 kwamba vijana wahalifu kwa kawaida wanajua vizuri mema na mabaya. Wanachofanya ni kujitafutia maneno ya kunyamazisha dhamiri kwa muda: sikuwa na namna, hakuumia, alistahili, na nyinyi pia ni wezi, nilifanya kwa ajili ya wenzangu. Nilipolisoma hilo darasani niliwawazia vijana wa base. Siku hizi nikilisoma nawasikia wengi zaidi. "Alistahili" ni maoni mia tatu chini ya picha ya Hessy. "Kwani ni yeye peke yake aliiba?" ni mbunge mbele ya kamera, na nyuma yake wazee wa kwao wakisema mtoto wetu anaandamwa. Hata maelezo yangu ya sosholojia yanaweza kutumika hivyo, na yametumika. Nimemsikia jamaa akisema mfumo ndio ulimwibisha, akiwa amevaa saa ya mtu. Maneno ni yale yale bondeni na mlimani. Tofauti ni kwamba wa mlimani ana wakili wa kuyasema kwa Kiingereza.

Mtu akiniuliza leo mbona siibi, nitamjibu kwa kifupi: kwa sababu mamangu alikuwepo, kwa sababu nilipata shule ya bweni kwa bursari miaka ile ambayo wenzangu walikuwa wanaanza kukaa base, kwa sababu ninaogopa, na kwa sababu naona ni vibaya. Sijui kila moja ina kilo ngapi. Nikiondoa hizo tatu za kwanza, ya nne ingekuwa imesimama peke yake kwenye upepo, na ninaheshimu sana watu ambao yao ilisimama hivyo. Mama mboga ni mmoja wao.

Siku hizi hatembei tena hadi steji. Kuna kijana wa bodaboda anamchukua mlangoni saa kumi kasoro, hamsini bob kila siku, sita kwa wiki. Hiyo ni mia tatu, karibu gunia dogo la viazi vya kuchemsha. Watu wa ploti wanasema kijana huyo alikuwa kwenye kundi lile lile zamani, kabla mjomba wake hajamkopesha pikipiki. Nilimuuliza mama kama anajua. Alinipimia nyanya, akaongeza moja juu, akaniambia huyo anakuja kwa wakati.